Lori Lililompeleka Mzee Stefano Chiwanda

Siku niliyoripoti kazini kwa mara ya kwanza, mlinzi wa karakana ya ushirika pale Mbinga alidhani nimemletea fundi mmoja chakula. Nilipomwambia mimi ndiye fundi mpya alicheka hadi akashika geti. Kisha akanipeleka kwa Mkuu wa Karakana, Mzee Stefano, mtu mrefu mwenye asili ya Chiwanda, kule ziwani. Yeye hakucheka.

"Unaitwa nani, binti?"

"Otilia, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Dizeli unaijua?"

"Ninaijua."

"Bado hujaijua. Vaa ovaroli."

Nyinyi mnaosoma makosa ya gari kwenye kompyuta, niwaeleze tulivyofanya sisi. Injini ya dizeli ya zamani haina plagi za kuwasha moto. Dizeli inanyonywa kutoka kwenye tangi, inapita kwenye chujio, inafika kwenye pampu kubwa, na pampu inaisukuma kwa nguvu hadi kwenye nozeli, ambazo huipuliza ndani ya injini kama ukungu. Upepo ukiingia mahali popote kwenye njia hiyo, gari linazima. Uchafu ukiziba, gari linakosa nguvu mlimani. Kwa kuwa magari yetu yalipanda milima ya Umatengo yakiwa na magunia ya kahawa, ugonjwa wa dizeli ndio ulikuwa mkate wetu wa kila siku.

Mkuu alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka tukalisikia usingizini: "Anzia kwenye tangi. Tembea na dizeli mpaka injini. Pampu iache mwisho." Ukifungua pampu bila sababu, alikuwa hakugombezi. Alikunyang'anya spana, akakuachia ufagio wa karakana kwa wiki nzima.

Alinilea kikazi. Mafundi wenzangu waliponitania kwamba nguvu za kufungua nati za tairi sina, alikata kipande cha bomba, akakichomeka kwenye mkono wa spana ili urefuke, akaniambia, "Jaribu sasa." Nati ikafunguka. Tangu siku hiyo hawakunitania tena.

Ushirika ulipodhoofika, karakana ilifungwa na magari yakauzwa. Mkuu alibaki Mbinga na shamba lake dogo la kahawa. Mimi nilikwenda Ngaka, kwa mkandarasi mmoja aliyesafirisha makaa ya mawe. Msimamizi wa Magari wa kule alikuwa mtu wa haraka. "Mama Otilia, gari lisilale hapa," alisema kila asubuhi, na magari yasingelala kama vumbi la makaa lisingeingia kwenye matangi. Nilikaa huko miaka mingi, halafu nikarudi Mbinga kufanya kazi zangu mwenyewe. Kila nilipopata nafasi nilipita kwa Mkuu. Kifua chake kilikuwa kimeanza kumsumbua.

Alipofariki, mkewe, Mama Agnes, aliniita ndani kabla ya watu wengine.

"Alitaka kuzikwa kwao," alisema. "Na mama yake bado yupo, Otilia. Ametuma neno tusimfukie kabla hajamwona uso."

Mfanyabiashara mmoja wa kahawa alituazima lori. Nililitambua hata kabla halijasimama: lilikuwa moja ya magari ya ushirika, limepakwa rangi mpya. Tulipakia jeneza asubuhi, waombolezaji wakapanda, nami nikakaa mbele na dereva, Hyera.

Tulipanda kilima cha kwanza vizuri. Kwenye cha pili lori likaanza kuishiwa nguvu, likakohoa, likazima. Nikashuka. Nililegeza nati ya juu ya chujio na kupiga pampu ya mkono, maana upepo ukiwamo utatoka na mapovu hapo. Dizeli ikatoka safi, bila povu wala maji. Tukawasha, likaunguruma kama halijawahi kuugua. Kwenye kilima kilichofuata likazima tena.

"Ni pampu hiyo," Hyera alisema. "Tuifungue."

"Hatuifungui."

"Basi tuteremke hivyohivyo. Mbele ni mteremko mtupu mpaka ziwani."

"Breki zako ni za upepo, baba. Injini ikizima kwenye mteremko, upepo wa breki utaujaza nani? Nyuma kuna watu."

Akaenda kutafuta mawe ya kuzuia matairi. Jua lilikuwa limepanda. Waombolezaji walishuka, vijana wakashikilia turubai juu ya jeneza, na kina mama wakaendelea kuimba. Nilikuwa nalia huku nafanya kazi, machozi na dizeli usoni, wala sikuona aibu.

Nilichomoa mpira unaonyonya kwenye tangi, nikaunganisha mwingine na kuutumbukiza kwenye dumu la dizeli ya akiba. Nilimwambia Hyera awashe na kukanyaga mafuta kwa nguvu. Injini haikuyumba hata mara moja. Kwa hiyo pampu ilikuwa nzima, chujio zima. Ugonjwa ulikuwa ndani ya tangi, na dizeli ya dumu isingetufikisha.

Tuliomba ndoo kwenye nyumba za jirani, tukaliondoa tangi na kulimwaga. Pamoja na matope ya kutu kilitoka kipande cha mpira wa kifuniko, kilichokatika na kudumbukia ndani. Injini iliponyonya sana mlimani, kipande kilivutwa kikaziba mdomo wa bomba. Ilipozima, kikaachia na kuelea. Sasa dizeli ya kwenye ndoo ilihitaji kuchujwa, na hatukuwa na kitambaa safi. Mama Agnes akavua kitenge alichojitanda mabegani.

"Chukua."

"Mama, hiki ni cha msiba wako."

"Chukua, mwanangu. Nataka tufike."

Tulifika Chiwanda jua likielekea kuzama. Joto la ziwani mnalijua, na mwili ulikuwa umeshinda njiani. Wazee wa ukoo walilikaribia jeneza, wakatazamana, na mmoja wao akamwita Mama Agnes pembeni. Nilimwona Mama Agnes akitikisa kichwa, kisha akikiinamisha. Jeneza lisingefunguliwa tena.

Mama yake Mkuu aliletwa ameshikwa mikono. Alikuwa mdogo mno wa umbo, na macho yake yalikuwa bado mazima. Alipoelezwa hakupiga kelele. Alikaa chini, akaweka kiganja juu ya mbao, akauliza ni nani aliyelitengeneza gari. Wakanisukuma mbele.

"Shikamoo, bibi. Nisamehe, tumechelewa."

"Marahaba. Ulifanya naye kazi?"

"Ndiye aliyenifundisha."

"Basi nieleze uso wake. Alikuwa na mvi?"

Nikamweleza. Mvi zilizoanzia masikioni, kovu la moto wa kulehemu kwenye kidevu, namna alivyofumba jicho moja akisikiliza injini. Alipokosa neno la Kiswahili aliuliza kwa Kinyasa, na Mama Agnes akatafsiri. Nilipomaliza akasema, "Alikuwa anafumba hivyo tangu akinyonya." Ndipo akalia, na sote tukalia naye, mpaka padri aliyekuwa akingoja kumzika aliposema giza linaingia.

Sasa nimestaafu. Magoti hayakubali kuingia chini ya gari, na magari mapya hayanihitaji. Watu huniuliza kama ninajivunia kazi yangu. Ninajivunia, ila siku ninayoikumbuka zaidi ni ile niliyoupata ugonjwa, nikautibu, na tukachelewa hata hivyo.

Nilikuwa nikiteremka Chiwanda kumsalimia yule bibi hadi alipofariki. Kwenye mazishi yake nilikaa nyuma, pamoja na wageni. Mmoja wa wazee wa ukoo aliniona, akaja, akanishika mkono, akanikalisha mbele pamoja na wajukuu.