Kosa la Kulificha Neno la Siri

Shangazi yangu ni mtunza stoo ya dawa hospitalini. Niseme alikuwa. Wenzake walimbatiza Kaburi, maana neno lake la siri la kompyuta hakumwambia mtu. Akiliandika, anafunika kibodi kwa mtandio.

"Kaburi, tuchungulie kidogo basi!"

"Chungulia la kwako. Hili halina dirisha."

Karani mwenzake, lake alilibandika kwenye skrini kama picha ya harusi.

Hospitali ilikuwa imeweka mfumo mpya: unaingia mara moja tu, kila kitu kinafunguka, stoo, maabara, hadi mishahara. Basi makatoni ya dawa za usingizi yakayeyuka. Kompyuta ikasema yametolewa kwa idhini ya shangazi na yule karani.

Wakaitwa. Karani akakionyesha kikaratasi chake. "Bosi, yeyote angeweza kulisoma." Akapewa onyo, akarudi kazini. Shangazi alipoulizwa kama amewahi kumpa mtu neno lake, akajibu kifua mbele, "Kamwe!"

"Basi ni wewe," mganga mkuu akamwambia.

Mimi hapo nilichoka. Yaani aliyeacha wazi hana neno, aliyefunga ndiye mwizi?

Akasimamishwa kazi. Mtaani wakacheka kwamba kumbe Kaburi lina mengi. Hayo aliyavumilia. Kilichomshinda ni mjomba, mumewe, kumnong'oneza mezani, "Niambie mimi tu, mke wangu. Ulizipeleka wapi?" Akafungasha nguo, akahamia kwetu, chumbani kwangu.

Baadaye waliotengeneza mfumo wakatangaza kwamba una tundu. Fundi kompyuta wa hospitali akaja kutueleza. Nikamganda kwa maswali.

"Ni kama hodi," akasema. "Ukibisha, stoo inauliza nani. Ukitaja jina, ilitakiwa ikudai uthibitisho. Haikudai. Unasema tu 'mimi Kaburi', inakukaribisha."

"Bila neno la siri?"

"Bila. Hata angeliandika ukutani, yangekuwa yale yale."

Shangazi akacheka. Sitaki kukisikia tena kicheko kile.

Ukaitishwa mkutano wa wafanyakazi. Mganga mkuu akatangaza, "Tumeamua kumsamehe dada yetu. Kesho arudi kazini." Makofi yakapigwa. Shangazi alitusimulia kwamba alisimama yakiwa bado yanalia.

"Mnanisamehe kosa gani?"

"Dada, yaishe. Kazi si umerudishiwa?"

"Sema sikuiba."

"Si ndiyo maana yake hiyo?"

"Basi sema."

Mganga mkuu akatazama saa, akafunga mkutano. Shangazi akauacha ufunguo wa stoo waliomrudishia juu ya kiti, akatoka.

Jioni mjomba akaja na pikipiki, anatabasamu, hata injini hakuizima. "Mke wangu, panda twende nyumbani. Si wamekusamehe?"

 Shangazi akaingia chumbani kwangu, akajifungia kwa ndani.