Siku wanafunzi wangu waliposimama badala ya vigingi: nilivyojifunza kufundisha chuoni, Eldoret

Wakuu, nawasalimu nyote, wa rika langu na vijana.

Nimesoma jukwaa hili kimya kwa muda mrefu. Juzi mwenzetu mmoja anayefundisha chuo kikuu aliuliza afanye nini na darasa lisilouliza swali wala kuitikia, linalonakili notes na kwenda zake. Mlimjibu vizuri. Jibu langu mimi ni refu, na sijawahi kuliandika popote.

Nimeshapita miaka sitini na naandikia kwenye cyber, kompyuta ya kulipia kwa dakika, kwa hiyo mnivumilie. Yote yalinipata mimi mwenyewe. Nisichokikumbuka nitasema sikikumbuki.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tatu, mwaka wa 1972. Asubuhi hiyo nilikuwa nimepiga magoti katika shamba la ngano iliyokwisha kuvunwa, nje kidogo ya mji, nikipigilia kigingi ardhini kwa jiwe kwa sababu nyundo ya chuo haikuonekana.

Nirudi nyuma kidogo.

Nilikuwa tutor wa hesabu katika chuo kidogo cha walimu, mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Kwetu ni Taita. Eldoret nzima sikumjua mtu hata mmoja wa kusema naye lugha ya mama yangu. Walimu wenzangu wote walikuwa wanaume wenye familia. Saa kumi jioni kila mmoja alishika njia ya kwake. Nami nilirudi kwenye nyumba ya chuo yenye vyumba vitatu, nikakaa katika kimoja. Jirani alikuwa na redio. Nilizoea kula chakula changu saa ya taarifa ya habari, ili sauti ya mtu iwepo ninapokula, hata ikiwa inatoka upande wa pili wa ukuta.

Darasani hali ilikuwa ile ile. Wanafunzi walikuwa watu wazima, wengine wakubwa kuliko mimi, waliokwisha kufundisha shule za mashambani bila mafunzo. Nilijaza ubao, wakanakili. Nilipouliza, "Kuna swali?" waliinamisha vichwa kama watu wanaoombewa. Mmoja wao, Barasa, mtu mnene mpole aliyekaa nyuma, sikuwa nimesikia sauti yake tangu muhula uanze, isipokuwa akiitikia jina.

Mtu pekee niliyezungumza naye kwa kweli alikuwa Mama Njoki. Alikuwa na duka dogo la kuta za mbao, la maziwa na sukari, ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la chuo. Yeye na mumewe walikuja kutoka upande wa Nyeri baada ya uhuru, wakanunua hisa katika kampuni iliyochukua shamba la mzungu mmoja aliyeondoka. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Kila jioni nilikwenda kununua maziwa. Mwanzoni nilisimama nje ya kaunta kama mteja yeyote. Siku moja mvua ilinyesha, akafungua kimlango cha pembeni mwa kaunta akasema, "Ingia ndani, Mwalimu, unataka kuota uyoga?" Tangu siku hiyo nilikuwa na kigoda changu upande wa ndani, na kikombe changu cha bati. Yeye alipima sukari, mimi nilisahihisha vitabu. Mara nyingine hatukusema neno.

Nyumba yangu katika mji ule ilikuwa kigoda kile.

Sasa turudi kwenye Jumanne ile.

Nilikuwa nimechoka na ule ukimya wa darasani. Niliamua somo la eneo tulifanyie nje, kwa kamba na vigingi. Niliomba ruhusa kama inavyotakiwa: principal alikubali, na mwenyekiti wa kampuni ile ile ya akina Mama Njoki, yenye shamba, alikubali. Tatizo ni kwamba mwenyekiti hakumwambia mtu mwingine.

Wale ambao hamkuwepo miaka hiyo, niwaeleze vipi? Watu walikuwa wamenunua shamba pamoja, lakini lilikuwa bado halijagawanywa. Kila mwenye hisa alingoja siku ya kura ya ploti, achomoe karatasi yenye namba ya kipande chake. Usiku na mchana watu waliogopa jambo moja: kwamba wakubwa wa kamati ya kampuni wangekuja kimyakimya na serveya, mtu wa kupima ardhi, na kujipimia upande wenye maji kabla ya wengine kuamka.

Nami siku hiyo nilikuwa upande wenye maji, nikiwa na watu thelathini, kamba, na vigingi vilivyopakwa rangi nyeupe.

Walikuja mbio. Wanawake kwa majembe, wazee kwa fimbo na makoti yao mazito. Mbele kabisa alikuwa Mzee Mwangi, aliyekuwa akichunga ng'ombe karibu na josho.

"Nani amewatuma?"

"Hakuna mtu ametutuma, Mzee," nikasema. "Hawa ni wanafunzi. Tunasoma."

"Mnasoma na kamba?" Akawageukia wenzake. "Basi hata ng'ombe yangu ni msomi. Inalala na kamba kila siku."

Watu walicheka, lakini hawakurudi nyuma.

Ndipo Mama Njoki alipofika. Alikuwa ameacha duka wazi. Aliangalia vigingi, kisha akaniangalia mimi.

"Kumbe ni wewe."

"Mama, ngoja nikueleze."

"Umekunywa chai kwangu, Mwalimu. Umekaa ndani ya duka yangu. Kumbe kumi na mbili ya jioni unakunywa chai, asubuhi unakuja kunikatia nje."

Lazima mwelewe hofu yake. Hisa ilikuwa bado katika jina la marehemu. Kila alipokwenda kwa kamati aliambiwa angoje, mambo yake yataangaliwa. Shamba likigawanywa kabla jina halijabadilishwa, yeye angebaki na kibanda cha mbao kilichosimama kwenye ardhi ya mtu mwingine. Kwa macho yake, siku hiyo ndiyo ilikuwa imefika, na aliyeileta ni mimi.

Alianza kung'oa vigingi. Aling'oa kimoja kimoja, akavikung'uta udongo, akavitia kwenye kiondo. Hakubakiza hata kimoja.

"Hizi nitapikia maharagwe," alisema, akaenda zake.

Nilibaki nimeshika kamba. Nilitamani kumfuata, lakini umati ulikuwa umenizunguka.

Mzee Mwangi alikuwa bado ananitazama. "Haya. Mnasema mnasoma. Hebu niambie kitu moja. Ekari ni kubwa namna gani?"

Nilianza kumjibu kama nilivyofundishwa: yadi za mraba elfu nne na mia nane na arobaini. Niliona uso wake ukifunga mlango. Ulikuwa uso ule ule niliouona kila siku darasani.

"Madam, ngoja kidogo."

Alikuwa Barasa.

"Mzee, ukionyeshwa kwa miguu utaelewa. Utatembea?"

"Miguu ninayo."

"Vigingi vimeenda na mama," Barasa akasema. "Basi mimi ni kigingi." Akaenda akasimama pale penye shimo la kigingi cha kwanza.

"Kigingi na tumbo!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Hiyo hata serveya hawezi kung'oa!"

Safari hii kicheko kilikuwa kingine.

Wanafunzi walivuta kamba, yadi karibu sabini kila upande, na kila kona akasimama mtu. Mzee Mwangi akatembea. Alitembea polepole, mikono nyuma, akimpita Barasa, akampita wa pili, wa tatu, wa nne. Aliporudi alipoanzia akasema, "Mimi nimelipa ekari tano tangu bendera ipande. Leo ndiyo nimeona moja."

Baada ya hapo kila mtu alitaka kuizunguka. Kisha maswali yakaanza, na si mimi niliyeulizwa. "Na ikiwa nyembamba kama mkia, bado ni ekari?" "Na kama ni mteremko?" "Na kona ikikatwa na mto?" Wanafunzi wangu, wale waliokuwa wakiinamisha vichwa, walibishana, wakachora mchangani, wakavuta kamba upya, wakaeleza kwa Kikuyu, kwa Kinandi, kwa Kiswahili cha mashambani. Swali la mkia liliwashinda kwa muda mrefu. Sikuwasaidia. Nadhani hilo ndilo jambo la busara nililofanya siku hiyo nzima.

Ng'ambo ya barabara Mama Njoki alisimama mlangoni pa duka lake, akitazama. Hakuja.

Principal aliniita kesho yake. "Madam, umeajiriwa kufundisha hesabu, si kugawa mashamba. Kuanzia leo masomo yako ni darasani, saa za kazi." Alikuwa na sababu, watu wa kamati walikuwa wamemjia wakiwa wamekasirika.

Lakini darasa halikurudi lilivyokuwa. Walikuwa wameonja kuulizwa na mtu anayehitaji jibu. Tangu hapo kila somo jipya nilianza kwa kuwauliza: ni nani nje ya chuo hiki atakayekuuliza jambo hili, naye atakuuliza vipi? Kisha nikajifunza kunyamaza. Enyi wahadhiri, jaribuni. Uliza, halafu nyamaza mpaka uone aibu. Usijijibu. Ukimya ule huonekana mrefu kwako tu, wao wanafikiri.

Nilikuwa na darasa zuri, na jioni zangu zilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Nilipokwenda kununua maziwa, kile kimlango cha pembeni kilikuwa na komeo. Kigoda hakikuwepo. "Maziwa imeisha," alisema, na mkebe uko nyuma yake, umejaa. Siku nyingine aliniuzia bila kunitazama. Nilirudi nyumbani, nikakaa, nikangoja redio ya jirani.

Nilijaribu kumweleza mara mbili. Maelezo yangu yalikuwa sahihi kabisa, na hayakumfikia, kama zile yadi za mraba.

Wiki kadhaa baadaye ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa namfanyia yeye kosa lile lile la ubaoni. Nikamwandikia barua; nakala yake nimeiweka mwishoni. Alisoma Biblia yake kila siku, kwa hiyo kusoma hakukuwa shida.

Funzo langu ni hilo, wakuu: mtu hamezi jibu kwa sababu ni sahihi. Mpe mahali pa kutembea. Wenye uzoefu tofauti, hasa mnaofundisha madarasa ya mamia, nipingeni. Nitasoma kila mchango.

Kimoja cha vigingi vile vyeupe ninacho mpaka leo. Kinazuia mlango wa jikoni kwangu usijifunge na upepo. Rangi imebanduka, lakini hakina alama ya moto.

Nakala ya barua ni hii:

*Kwa Mama Njoki,*

*Siandiki ili kukueleza tena. Umenisikia na hukuniamini, na ningekuwa wewe nisingeamini pia.*

*Siku ya kugawa itakuja. Watakuonyesha mahali na kukuambia, hizi ndizo ekari za marehemu. Nataka siku hiyo uwe unajua kwa miguu yako kama ni zote au zimepungua.*

*Jumamosi mchana hakuna masomo, na uwanja wa mpira wa chuo si wa kampuni. Barasa atasimama kona moja. Wenzake wawili wamekubali kusimama kona nyingine mbili. Kama hujapikia vile vigingi, uje navyo.*

*Kona ya nne nitasimama mimi. Sitaondoka mpaka umalize kuzunguka.*

*Mwalimu wa kigoda.*