Swichi nyekundu ya Mama Waya

Saa nne asubuhi, na Mama Waya anamenya chungwa. Kisu kidogo kinazunguka taratibu, ganda linashuka kama utepe hadi mapajani, lakini macho yake hayako kwenye chungwa hata kidogo. Yako kwa askari aliyeketi kushoto kwake, ambaye simu yake imeanza kuita.

"Polisi, dharura. Uko wapi?" anasema askari.

"Niko nyumbani," anajibu mwanamume mmoja bila haraka. "Eti umeme unarudi saa ngapi?"

Mama Waya anasikia kila neno. Hedifoni yake imechomekwa kwenye simu hiyo hiyo kwa waya mrefu mweusi, ndio uliompa jina ambalo siku hizi hata wakubwa wanamwitia. Anasikia, lakini mpigaji hamsikii. Ili asikike lazima abonyeze swichi nyekundu iliyo mezani, na akiibonyeza tu, simu inakuwa yake na askari anayefundishwa anabaki mtazamaji.

"Chungwa ndilo linalonishika mikono," anasema huku akicheka. "Bila hivyo hiyo swichi ningeibonyeza kutwa nzima. Mimi mdomo unaniwasha, usinione hivi nimekaa kimya." Akishamenya, machungwa huliwa na wenzake. Yeye mwenyewe huwa hapati nafasi.

Ni mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake. Kazi yake ni kuwalea askari wapya katika chumba cha polisi cha kupokea simu za dharura. Chumba chenyewe hakina makuu: meza sita, skrini, mapazia yasiyofunguliwa kwa sababu ya mwanga, na feni inayolalamika pembeni. Kila zamu huingia simu zaidi ya mia tatu, na nusu yake ni watoto wanaochezea simu za wazazi, walevi wanaotafuta mtu wa kupiga naye soga, na watu wanaoulizia umeme.

"Na zote unazipokea kwa heshima," anasema, "kwa sababu hujui ipi ndiyo yenyewe."

Kabla ya upolisi alikuwa mtangazaji katika stendi ya mabasi, yule anayewaambia abiria basi lipi linaondoka na nani kasahau begi lake. Alipoingia chumba hiki alikuwa msichana. Leo ana watoto watatu, na miaka sita ya mwisho ameitumia kufundisha. Kufundisha hakuna nyongeza ya mshahara. Kuna chakula cha mchana tu. "Machungwa nanunua mwenyewe," anakumbusha.

Kanuni zake zinajulikana. Kwanza mahali. Simu ikikatika, aliyeuliza mahali anaweza kutuma gari, na aliyesikiliza kisa kizima anabaki na kisa chake. Pili, neno "tulia" ni marufuku. "Sijaona mtu aliyetulia kwa kuambiwa atulie. Jaribu kwa mumeo uone." Tatu, salamu zinaachwa mlangoni, maana salamu za kwetu zikianza haziishi mpaka uulizwe habari za kuku.

Kanuni hiyo ya tatu imemponza nyumbani. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, anapenda kusimulia siku mama yake mzazi alipompigia mkwewe simu, naye Mama Waya akaipokea kwa mazoea: "Uko wapi, na unaona nini?" Mama mkwe akajibu, "Niko kwangu, na naona mkwe asiye na adabu." Walipatana, lakini ilichukua muda na kitenge kimoja kizuri.

Askari wa kushoto wote wanamwita Kinyozi, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya kabla ya kuvaa sare. Ni baba wa watoto wawili, mpole, na yuko katika wiki yake ya mwisho ya kusikilizwa. Mafunzo haya ameshayarudia mara mbili. Swichi ikibonyezwa tena wiki hii, hataruhusiwa kurudia. Atapelekwa stoo kupanga sare na viatu.

"Mke wangu kila jioni ananiuliza, 'Leo amebonyeza?'" anasema. "Hata kama nimekula haniulizi siku hizi."

Tatizo lake si uvivu. Kanuni anazijua kama jina lake, ila mpigaji asipojibu inavyotakiwa, yeye huganda.

Kabla ya mchana simu inaita tena.

"Polisi, dharura. Uko wapi?"

 Inajibu sauti ya bibi mzee. "Haloo? Wewe ni mtu au ni ile mashine?"

"Polisi, dharura. Uko wapi?"

"Mbona husalimii? Nataka kuongea na mtu, mwanangu, si mashine!"

Kinyozi anaikodolea macho skrini. Midomo yake inaanza kuunda maneno yale yale kwa mara ya tatu. Mama Waya ameacha kumenya. Chungwa limeanguka mapajani juu ya maganda yake, na kidole chake kiko juu ya swichi nyekundu.

Ndipo Kinyozi anapoondoa macho kwenye skrini na kuvuta pumzi.

"Shikamoo bibi," anasema, kwa sauti ya mtu anayemfunga mteja kitambaa shingoni. "Mimi ni mtu, ni askari. Nisamehe. Uko wapi?"

"Marahaba, mjukuu wangu! Niko nyuma ya kiwanda cha sabuni. Kuna mtoto amekaa dirishani ghorofa ya tatu, nyumba ya mlango wa bluu, tunatazamana naye ng'ambo ya barabara. Miguu yote iko nje!"

Kinyozi anaandika bila kuinua kichwa. Kwenye meza ya pili, mwenzake anayeyasoma maandishi hayo kwenye skrini yake ameshainua redio na kulituma gari la doria lililo karibu.

"Ananipungia mkono," bibi analia.

"Usimpungie, bibi, asije akaachia. Weka simu hapo dirishani, shika dirisha lako kwa mikono miwili. Mwambie mnashindana, anayeachia kwanza ameshindwa."

Kwenye hedifoni zote mbili inasikika sauti ya bibi ikivuka barabara. "Mimi nimeshika! Wewe umeshika? Mikono yote! Ukiachia nimekushinda!" Kitoto kinacheka kwa mbali. Mama Waya amefumba macho, kidole bado kiko palepale.

Inapita muda wasioupenda. Kisha bibi anapiga ukelele. "Wamemvuta! Wako naye ndani!" Anahema, anacheka, analia, vyote pamoja. "Na ameachia yeye kwanza. Nimemshinda."

Mama wa mtoto alikuwa juu ya paa akianika nguo. Hakusikia lolote mpaka askari walipogonga mlango.

Kinyozi anageuka polepole na kuitazama swichi. "Umebonyeza?"

"Ungenisikia. Hiyo salamu nani kakufundisha?"

"Mama yangu."

"Basi kanishinda kufundisha." Mama Waya anajifuta macho kwa kiganja bila kujificha. "Nimefurahi mpaka naona aibu. Mimi ningekupokonya yule bibi, na angeanza upya kuuliza kama mimi ni mashine."

Sasa ana mpango. Jirani na chumba chao kuna kijichumba cha viti vilivyovunjika, na ameomba kiwe cha mazoezi, ili askari wapya wajifunzie humo kabla ya kugusa simu za kweli. Mkuu wake amekubali chumba. Simu mbili za mazoezi bado anazisubiri. "Mimi nitakuwa mpigaji. Leo mlevi, kesho mtoto, keshokutwa bibi asiyependa mashine. Na salamu nitaifundisha, moja tu, inayotoka kwa pumzi moja na swali la mahali. Mama mkwe akisikia atacheka mpaka kesho."

Simu inaita. Mama Waya anauchomoa waya wake, anauzungusha mkononi na kuuweka mezani. Yeye hamsikii mpigaji tena. Anamsikia Kinyozi peke yake.

"Polisi, dharura," anasema Kinyozi, na kusikiliza kidogo. "Shikamoo baba. Uko wapi?"

Mwenzao wa redio ananyoosha mkono kudai chungwa kama kawaida. Mama Waya anauondoa mkono huo, analipasua chungwa katikati na kutia kipande mdomoni.

"Hili la leo," anasema, "nalila mwenyewe."