Michi Miwili, Kinu Kimoja

Du, di. Du, di. Kabla sijafumbua macho nilijua nani anatwanga. Du ilikuwa ya mama mdogo wangu, mwanamke wa vilima vya Masisi aliyeolewa huku Walikale, msituni. Di, nyepesi zaidi, ilikuwa ya rafiki yake, jirani wa nyumba ya tatu. Walitwanga sombe katika kinu kimoja, mmoja akiinua mchi mwenzake akishusha, mpaka majani ya muhogo yalainike kwa ajili ya restora ya kando ya barabara, wanakokula madereva wa malori ya Kisangani. Niliishi kwa mama mdogo miaka yangu yote ya sekondari na sikuwahi kuhitaji saa.

Asubuhi moja nikasikia du, kisha kitu kikaanguka, kisha kimya. Mchi ulikuwa umemtoka mama mdogo mkononi.

"Vidole yangu inakufa," aliniambia baadaye, akikung'uta mkono kama mtu aliyeshika kaa la moto. "Ninakamata kikombe, sikisikie. Hii iko sumu."

Kwetu, ugonjwa unaokawia bila homa huitwa sumu upesi, na sumu lazima iwe na mwenyewe. Nikamuuliza ni nani.

"Nani mwengine ananipatiaka mukono kila asubui?"

Tangu siku hiyo hakumsalimia rafiki yake tena. Yule akiita kutoka njiani, "Dada, tunatwanga ao hatutwange?", mama mdogo alivuta dirisha. Kinu, ambacho kilikuwa cha rafiki, nilikiingiza ndani kisinyeshewe, nikakiinamisha nyuma ya mlango. Kila aliyepita alikigonga kwa mguu, na hakuna aliyetaja kilikuwa cha nani.

Mama mdogo alitaka kwenda kwa mzee mmoja anayechanja kwa wembe ili sumu itoke. Nilimwambia wembe hautakimbia, twende kwanza kwenye kituo cha afya. Alikubali kwa kuwa nilimbebea mwavuli.

Muuguzi aliushika mkono wake, akaugeuza.

"Kidole gani inakufa, Mama?"

Alionyesha gumba, cha pili, cha kati, na nusu ya kile cha pete.

"Na hii ndogo?"

"Hii iko muzima."

Muuguzi akacheka. "Sumu gani hii, Mama, yenye inaheshimiaka kidole kidogo?"

Akamkabidhi ufagio. "Twanga, nione."

Mama mdogo akatwanga hewa. Nilikuwa nimesikia kutwanga kwake maelfu ya mara, lakini sikuwahi kumtazama akitwanga. Kifundo cha mkono kilipinda, vidole viliubana mti kana kwamba kuna mtu anayetaka kumnyang'anya.

"Unapumzikaka mara ngapi?"

Nilijibu mimi, kwa sababu nilijua mchezo wao. Anayepumzika wa kwanza ndiye anayeshuka mtoni kuchota maji ya kuoshea sombe, na akirudi anachekwa mchana kutwa. Basi kwa miaka hakuna aliyepumzika wa kwanza. Walimaliza pamoja, wakashuka pamoja, wakijivuna.

Muuguzi akaweka kidole gumba chake juu ya kifundo. Hapa, alieleza, pana njia nyembamba. Mishipa inayokunja vidole inapita humo pamoja na ule unaopeleka hisia kwenye gumba na vidole jirani. Kazi ile ile bila kupumzika huivimbisha ile ya kwanza, nayo humbana mwenzao. Kidole kidogo kinapata hisia kwa njia nyingine. Mama mdogo apumzike majuma kadhaa, alale na kibao kilichofungwa kwa kitambaa ili kifundo kinyooke. Akirudi kazini, mchi uzungushiwe kitenge uwe mnene, abadilishe mikono, apumzike kidogo kila mara. Akidharau, gumba litaishiwa nguvu.

"Haikuwe siku moja, Mama. Iko siku zote."

Maneno hayo ninayo mpaka leo, nami kazi yangu ni kalamu. Nilikuwa nikidhani mwili huumizwa na kuanguka, na panga, na mzigo uliozidi. Kumbe unaweza kuumizwa na kitu chema kilichorudiwa. Kila pigo la mama mdogo lilikuwa pigo zuri.

Usiku huo alifunga kibao kifundoni, akalala nacho.

Jumamosi rafiki yake akabisha, akaingia, akabaki amesimama.

"Nilikuja kukamata kinu yangu."

Mama mdogo alikuwa ameketi, kibao kimefungwa mkononi.

"Nilisema weye ndjo ulinipatia sumu," alisema. "Nilikosa. Iko kutwanga. Iko ile mashindano yetu."

Rafiki akaweka mikono kiunoni. "Majuma mbili unaninyima salamu, kumbe adui yako iko kipande ya muti!"

"Nisamehe, dada."

Rafiki aliinama, akakumbatia kinu, akakiinua nusu. Nikaona kinaondoka. Kisha akakishusha taratibu, akakisimamisha, mdomo juu, kama kinavyokaa siku ya kazi. Akafungua na kufumba kiganja chake cha kulia mara mbili, akikitazama.

"Na mimi, kuamuka asubui, hii gumba inalalaka," alisema. "Niliogopa kusema. Ungenicheka."

Mama mdogo akacheka kwanza, kisha akafuta macho kwa mkono wa kushoto.

"Siku utapona tutaanza tena," rafiki alisema akielekea nje. "Na siku ile, mimi ndjo nitapumzika wa kwanza. Maji nitachota."

Akatoka mikono mitupu, akaufunga mlango nyuma yake.