Mtoto Aliyekataliwa na Ngano

Kosa nitakalolifichua hapa ni la kupima chakula kwa heshima kinayompa mlaji machoni pa watu, badala ya kukipima kwa afya ya mwili unaokipokea. Naliweka mbele mapema, rafiki yangu, usije ukadhani kwamba nimekaa kuwasema wengine. Lilikuwa kosa la baba yangu, kisha likawa langu, na kwa msimu mmoja wa maharage lilikaribia kutugharimu uhai wa mtoto ambaye hakuwa na maneno ya kueleza mahali panapomuuma.

Desemba iliyopita niliwapeleka wanangu wawili Nyaishozi, kijijini nilikozaliwa, kwenye harusi ya jirani. Wanangu hawali ngano. Daktari wa mjini alitueleza kwamba utumbo wao huipokea kama adui, nasi tukaiondoa nyumbani kwetu kabisa, hata chembe iliyobaki kwenye chekecheo. Sahani ya chapati ilipowafikia, binti yangu aliisogeza kwa adabu.

"Hapana, asante, shangazi."

"Ee! Watoto wa mjini wana maringo! Hata chapati ya harusi?"

"Si maringo, shangazi. Tumbo langu linaikataa."

"Siku hizi matumbo yana midomo?"

Wanawake wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini kutoka nyuma ya nyumba ilikuwa ikija harufu ya ndizi zinazoiva chini ya majani yake, ile harufu ya kijani, nzito, yenye moshi ndani yake, na mimi sikuwa tena harusini. Nilikuwa na miaka tisa, nimesimama kibanjani kwetu asubuhi, umande umenilowesha hadi magotini.

Kama hukupata kuishi katika kibanja cha Karagwe, nikueleze kilivyokuwa. Nyumba ilikaa katikati ya migomba kama yai katikati ya kiota. Chini ya migomba palikuwa na mibuni, chini ya mibuni palikuwa na maharage, na chini ya maharage palikuwa na udongo mweusi ambao bibi yangu, mama wa baba, aliuita mama wa wote. Mibuni ilipochanua, maua yake meupe yalifunika matawi kwa siku chache tu, na katika siku hizo tulitembea polepole bila kuambiwa, kama watu walioingia kanisani. Kahawa ilipoanikwa, mikeka ilijaa uani, nasi watoto tulikuwa na kazi ya kuigeuza kwa nyayo zetu, punje zikituchekesha chini ya vidole. Kutoka kwenye rweya, yale majani ya wazi yaliyoanzia migomba ilipoishia, tulisikia ng'ombe wa jirani mfugaji wakiitana. Kila jioni mke wake alituletea maziwa katika chombo cha mti kilichofukizwa moshi, nayo yalikuwa na ladha ya moto uliokwisha kuzimika.

Bibi alimenya ndizi kila siku ya maisha yake. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu, na hakuna sabuni iliyowahi kuvishinda. Alisema, "Mikono ikiwa myeupe, sufuria ni tupu." Alizipanga ndizi juu ya maharage, akazifunika kwa majani, akaketi. Kusubiri kwake pia kulikuwa kazi. Hakufunua kabla ya wakati, hata njaa ilipotuuma sisi sote.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa mtu mwema, na nakuomba ulikumbuke hilo. Lakini alisomea ualimu mbali, na huko chuoni alijifunza kunywa chai kwa mkate. Miaka ya uhaba, baada ya vita, ngano ilitoweka madukani, na mkate ukabaki kuwa hadithi yake ya jioni. Iliporudi Nyaishozi, ilirudi kama mfalme aliyetoka uhamishoni. Baba alikuwa wa kwanza kununua. Kwetu mgeni alizoea kukaribishwa kwa punje za kahawa za kutafuna. Baba akaweka mezani skonzi na chai ya maziwa. Bibi alipomuuliza ndizi zimemkosea nini, alijibu kwamba ndizi ni za kushibisha, ngano ni ya kustaarabisha.

"Mwanangu," Bibi akasema, "tumbo halijaenda chuo."

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na umri wa kuachishwa ziwa wakati huo. Watoto wote wa kibanja waliachishwa kwa ndizi zilizopondwa, kwa mchuzi wa maharage, kwa uji wa ulezi. Baba aliapa kwamba huyu hatalelewa hivyo. Mama, ambaye hakuwa mtu wa kubishana na mume mbele za watu, alilowanisha mkate katika maziwa na kumlisha kwa kijiko. Tulisimama kumtazama akila, nami nilimwonea wivu.

Mtoto akaanza kupungua. Mikono ikawa kama vijiti vya kuni, mashavu yakaingia ndani, na tumbo peke yake likavimba na kukaza kama ngoma. Alihara kila siku. Aliacha kucheka, kisha akaacha hata kulia kwa sauti, akawa analalamika kidogo kidogo kama mlango unaosukumwa na upepo. Sasa sikiliza upumbavu wetu: kwa kuwa alikuwa mgonjwa, alistahili chakula bora, na kwa kuwa chakula bora kilikuwa mkate, tulimwongezea mkate. Baba alipunguza sukari yake mwenyewe ili mtoto apate skonzi ya pili. Upendo ule ulikuwa wa kweli kabisa, na ulikuwa ukimwua.

Zahanati walimpa dawa za minyoo, hazikusaidia. Majirani wakanong'ona kuhusu ugonjwa wa kukondesha ambao miaka hiyo ulizitembelea nyumba nyingi za mkoa wetu. Ndipo mtu mmoja akatamka lile lililokuwa likizunguka vijijini wakati huo: meno ya nailoni. Ilisemwa kwamba mtoto anayehara na kukonda ana meno ya uongo yaliyojificha ndani ya fizi, na kwamba dawa yake ni kuyachimbua. Alikuwapo mtu aliyeyachimbua. Alikuja na baiskeli, na chombo chake cha kazi kilikuwa spoku ya gurudumu iliyonolewa.

Siku alipokuja kwa mara ya kwanza, palikuwa na mama mmoja akipalilia maharage yetu. Alitoka nyanda za juu za Burundi pamoja na mumewe, wakakaa kijijini kwetu kama vibarua wa mashamba. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na Kiswahili chake kilitembea taratibu kama mtu avukaye mto juu ya mawe. Alikuja mlangoni, akafuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, Bibi. Shikamoo, Mwalimu. Huyu mtoto anakula nini?"

"Anakula vizuri kuliko wa kwako," akajibu Baba.

"Ndiyo, Mwalimu. Ni nini?"

"Mkate. Na maziwa."

Yule mama alitikisa kichwa. "Kwetu tunalima ngano milimani. Tunaijua. Iko watoto inawakataa. Dada yangu alikuwa na mmoja, tumbo namna hii, miguu namna hii. Tulimwondolea ngano, akapona. Aliyemtangulia hatukujua, tukamzika."

Mchimba meno akacheka. "Mama, umekuja kulima au kufungua hospitali? Ngano inamkataa mtu! Kesho utatuambia maji yanamkataa samaki."

"Wewe chimba," akamjibu bila kupandisha sauti. "Ukishachimba, damu ikimwisha, wewe una baiskeli. Utaondoka."

Baba alikasirika. Kufundishwa na kibarua, mbele ya watu, juu ya mkate wake! Lakini Bibi alikuwa amempakata mtoto, na mikono ile myeusi haikumwachia. Alitazama shambani, ambako majani ya maharage yalikuwa yameanza tu kugeuka manjano.

"Mpaka maharage haya yang'olewe," akasema. "Siku hizo zote mtoto ni wangu, atakula sufuria yangu. Asipopona, mwite huyu na sindano yake. Meno kama yapo, hayatakimbia."

Hivyo ndivyo alivyopewa muda. Sitasahau siku zile. Bibi alisaga ulezi kwa jiwe, na mlio wake wa kukwaruza ulianza kabla jua halijachungulia. Yule mama alipita kila asubuhi kabla ya kuingia shambani, akanusa kikombe cha mtoto, akakagua kijiko. Alitaka mtoto awe na vyombo vyake peke yake, visivyogusa unga wa Baba. Tulimwona ana ushirikina. Leo mimi nafanya vivyo hivyo jikoni kwangu, na daktari ananisifu. Baada ya juma la kwanza mtoto aliacha kuhara. Katika la pili alicheka, kwa sababu kuku alipita na jani la mgomba mguuni. Mama alikwenda nyuma ya nyumba akalia.

Na sasa linakuja kosa langu.

Habari zilikuwa zimefika shuleni. "Kwa mwalimu wamefilisika!" waliniimbia wasichana wa darasa langu. "Mtoto wa mwalimu anakula uji wa ulezi kama wa vibarua!" Nilikuwa binti wa mwalimu, nilizoea kukaa juu kidogo ya wenzangu, na kushuka kuliniuma. Jumapili moja baada ya ibada walikuja kwetu kucheza. Nilichukua skonzi mezani kwa Baba, nikambeba mdogo wangu hadi nyuma ya jiko, nikamlisha mbele yao, kipande baada ya kipande, nikisema, "Mnaona? Mnaona kwetu tunakula nini?" Akaimaliza yote. Alinitazama kwa furaha, makombo yakiwa kidevuni.

Usiku ule na siku iliyofuata alitapika na kuhara hadi macho yakaingia ndani. Tumbo likarudi kuwa ngoma. Baba hakufurahi, nisimsingizie, lakini uso wake ulipata ule uthabiti wa mtu aliyethibitishiwa hoja yake.

"Ngano haijaingia mdomoni mwake majuma mawili," akasema. "Basi si ngano. Tumepoteza siku kwa maneno ya kibarua. Mwiteni fundi. Na yule mama asikanyage tena hapa."

Mchimba meno akaja. Akaketi kwenye kigoda, akamwomba Mama amshike mtoto miguu, akaitoa spoku ndani ya kitambaa na kuifuta kwa kidole gumba. Yule mama wa Burundi alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba na jembe lake begani, akisubiri ujira wake wa mwisho. Hakujitetea. Alikuwa akiniangalia mimi tu, na hata leo sijui kama alijua au alikuwa akiangalia tu mahali ambapo macho yake yaliangukia.

Ningeweza kunyamaza. Nimefundisha watoto wengi tangu hapo kwamba uongo ni dhambi, lakini siku ile nilijifunza kwamba kunyamaza kunaweza kushika chuma chenye ncha.

"Nilimpa skonzi," nikasema.

"Nani?" akauliza Baba.

"Mimi. Jumapili. Nzima. Nilitaka wenzangu waone."

Spoku ilibaki hewani. Bibi alimchukua mtoto magotini kwa Mama, akasimama, akamwambia mchimba meno, "Karibu ule ndizi, kisha panda baiskeli yako." Baba akanigeukia. Nilingoja fimbo. Badala yake aliingia ndani, akatoka na debe la unga wa ngano, akalibeba mwenyewe kichwani, mwalimu mwenye suruali ya pasi, akapita nalo barabarani mchana kweupe hadi dukani, akalirudisha kwa mwenye duka bila kudai kitu. Aliporudi alikwenda ukingoni mwa shamba. Sikusikia alichomwambia yule mama. Nilimwona tu akivua kofia.

Maharage yalipong'olewa, mdogo wangu alikuwa akitembea kati ya marundo, akianguka na kuinuka, maganda makavu yakipasuka chini yake. Tulikula mezani kwetu sote siku hiyo, vibarua na wenyeji, ndizi na maharage mapya, katika jani moja refu.

Kibanja kile sasa kimekonda. Mnyauko uliingia migombani, mashina yakaoza yakiwa yamesimama, na penye migomba leo pana muhogo na mahindi. Jiwe la Bibi limelala chini ya mchirizi wa paa, limejaa maji ya mvua. Ulezi haulimwi tena isipokuwa kwa kubahatisha. Ng'ombe wa rweya wamesogea mbali, na maziwa ya moshi sijayaonja tangu nilipoolewa. Maandazi yanauzwa kila njia panda, na watoto wa kijiji hunywa chai nayo kabla ya shule, bila yeyote kuwaambia kwamba ni ustaarabu. Baba alifariki akiwa mpenzi wa ndizi. Nimewaza mara nyingi ni watoto wangapi wa nyanda zetu walizikwa wakiwa na fizi zilizotobolewa, kwa sababu hapakuwa na mtu ukingoni mwa shamba lao, au kwa sababu alikuwapo na hakusikilizwa.

Mdogo wangu ana nywele za mvi sasa. Analima Igurwa, ana sauti kubwa, hagusi ngano. Vibarua wale waliondoka baada ya misimu miwili, wakaelekea Bugomora, kisha watu walisema wamevuka kurudi kwao, na hakuna aliyepata habari zao tena. Wanangu wanapouliza ni daktari gani aliyegundua ugonjwa wa mjomba wao, nawaambia hakuwa daktari. Alikuwa mama mwenye jembe, na jina lake ni Korotilida.