Shahidi Tuliyemvunja Meno

Lori lilipomgonga kaka yangu, mimi na Mama tulikuwa tumeinama kwenye kibanda chetu pale Mwatate, tukipanga ndizi zilizoteremshwa kutoka Chawia. Tulisikia honi ndefu, kisha kishindo, kisha mtu analia kama mbuzi anayechinjwa. Kaka alikuwa kwenye steji ya bodaboda, ameketi juu ya pikipiki yake akingoja abiria. Lori lilitoka upande wa Taveta, likaacha lami, likaipitia steji na kugota kwenye mwarobaini. Nilipofika, mguu wake wa kushoto ulikuwa chini ya tairi. Aliniangalia akasema, "Nivute." Nilimshika mikono yote miwili nikavuta. Mguu haukuja.

Wenzake hawakungoja polisi. Walimburura dereva kutoka ndani wakamwangusha kwenye changarawe. Huyu anampiga teke la mbavu, yule anampiga kwa helmeti. "Ua! Ua huyo!" Dereva alikuwa akisema, "Breki, jamani, breki," lakini kila akifungua mdomo walimpiga zaidi. Ndipo Mama akaja na jiwe la mizani, lile la kilo mbili. Walimpisha kwa kuwa yeye ndiye mama mzazi. Alimpiga pigo moja tu la mdomo. Nilisikia meno yakivunjika, na sauti ile sijawahi kuisahau.

Polisi walimwokoa dereva akiwa nusu mfu. Lori hawakuliokoa. Tulipokwisha kumtoa Kaka chini ya tairi, vijana walinyonya petroli kwenye pikipiki zao, wakaimwaga, wakawasha. Mifuko ya saruji liliyobeba ilibaki imepasuka chini, lakini lori lenyewe liliungua mpaka likawa chuma cheusi. Watu walishangilia. Hata mimi niliona ni haki.

Kaka alikatwa mguu juu ya goti. Muumini mwenzetu mmoja alitupeleka Voi kwa wakili anayesaidia watu waliogongwa na malori, mama wa makamo mwenye sauti ndogo. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Kampuni yenye lori inasema kijana wenu aliingia barabarani ghafla, dereva akamkwepa. Ni nani aliyeona?"

"Watu wa steji wote," Mama akasema.

"Waleteni."

Nilitumwa mimi, na mimi si mtu wa kuongea. Nilimwendea yule aliyekuwa rafiki mkubwa wa Kaka. Alicheka bila furaha. "Dada, nikienda kortini nikasema nilikuwepo, wataniuliza lori liliunguaje. Nijibu nini? Kwamba lilishikwa na homa?" Wote walijibu hivyo, kila mmoja kwa maneno yake. Wengine walihama steji.

Niliporudi na habari hiyo, wakili alikuna kichwa. "Breki zingekaguliwa, zingesema zenyewe. Lakini breki ziliungua. Nyinyi mmechoma ushahidi wenu wenyewe. Amebaki mtu mmoja anayezijua."

"Nani?" Mama akauliza.

"Yule mliyempiga."

Alisema atamtafuta yeye mwenyewe, na akatukataza tusimkaribie, tusije tukaambiwa tumemnunua. Akampigia simu. Dereva alimwambia maneno machache: kampuni imemwahidi lori jingine, na watu wa Mwatate hataki kuwasikia. Akakata.

Bila dereva hapakuwa na kesi. Kaka alijua. Alikuwa akilala ameelekea ukutani, na ukimwekea chakula anasema, "Mpe mtu mwenye miguu."

Asubuhi moja Mama alijifunga leso mbili akaniambia, "Twende Mahoo, kwa yule dereva." Nilimkumbusha katazo la wakili. Akasema, "Wakili ana mambo ya korti. Mimi nina hasira na yule mtu, na yeye ana pigo langu mdomoni. Hawezi kusema neno letu kabla hayo hayajaisha."

Nilielewa. Kwetu Wadawida, yaani Wataita, mwenye hasira na mwenzake hutia kinywaji mdomoni, akakipuliza nje, na huku anaitaja hasira yake wazi mpaka iishe. Huko ndiko kutasa. Wazee hutumia pombe ya miwa. Mama ni mtu wa kanisa, hutumia maji. Ukianza huachi katikati, maana hasira iliyokatizwa hurudi nyumbani na wewe. Hayo yote tuliyajua. Hatukufikiri hata kidogo kwamba tunakwenda kwa watu wasioyajua.

Dereva alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, amekonda, shavu moja limeingia ndani. Mkewe alitukaribisha vizuri akidhani tunauliza njia. Mama aliomba maji, akaletewa kwa kikombe cha bati. Akajaza mdomo, akaupulizia uwanja, akaanza kusema kwa Kidawida, kwa sauti kubwa.

Wakati huohuo dereva alimtambua. Alisimama, kiti kikaanguka. "Ni yeye! Ndiye aliyenivunja!"

"Astaghfirullahi!" mkewe akapiga ukelele. "Umemvunja mume wangu, sasa umekuja kumroga? Unatutemea uchawi uani kwetu?"

Aliokota mchi uliokuwa kando ya kinu, akampiga Mama begani. Mama aliyumba, akajaza tena mdomo, akapuliza, akaendelea kusema. Mchi ukampata tena, mgongoni. Majirani walikuja mbio na fimbo na mapanga ya kukatia migomba. Mzee mmoja alisema, "Mfungeni kwanza."

Nilimshika Mama nimvute, akanisukuma. Ndipo nikapiga kelele, mimi ambaye shuleni nilikuwa nikijificha mwalimu asiniulize swali.

"Si uchawi! Nisikilizeni anavyosema!"

Nikaanza kutafsiri, neno moja nyuma ya Mama. "Anasema, nilikuchukia. Anasema, nilitaka ufe. Nilikupiga kabla ya kukusikia. Ulisema breki, nami nikauziba mdomo wako kwa jiwe. Anasema, hasira hiyo naitoa, isibaki kwangu, isibaki kwa watoto wako. Sina nyingine."

Mama alimwaga maji yaliyobaki chini. Damu ilikuwa inapenya kwenye leso begani. Mkewe bado alikuwa ameinua mchi.

"Shusha," dereva akamwambia. Kisha akamgeukia Mama. "Mama, kwenu hasira huisha hivyo?"

"Yangu imekwisha," Mama akajibu.

"Yangu haijaisha." Maneno yalimtoka kwa upepo, kwa sababu ya pengo. "Ntasema ukweli wa breki, kwa kuwa ni ukweli. Na wewe utaandikisha polisi ulichonifanyia. Ukikataa, nisahau."

"Nitaandikisha," Mama akasema.

Wakili alitugombeza mpaka nikatamani kuingia chini ya meza. Lakini siku ya ushahidi, katika korti ya Voi, dereva alifika. Alieleza kwamba asubuhi ile alimwambia tajiri wake breki hazishiki, akajibiwa ashuke polepole, zitatengenezwa akirudi.

Wakili wa kampuni alisimama akitabasamu. "Hawa watu walikuja kwako Mahoo, sivyo? Waambie wote hapa, walikupa nini?"

Dereva alifungua mdomo wake wote, akaugeuza polepole, hakimu auone, na sisi tuuone. "Walinipa pengo hili."

Hakuna aliyecheka. Wakili wa kampuni aliuliza mawili matatu mengine, akaketi. Miezi mingi ilipita kabla ya hukumu, na hukumu ikasema kosa lilikuwa la kampuni. Kaka aliisikia akiwa amesimama kwa magongo, akalia waziwazi kama mtoto.

Lakini siku ile ya ushahidi hatukurudi nyumbani moja kwa moja. Mama na dereva walitangulia kwenda kituo cha polisi, na mimi nikawafuata. Askari wa kaunta alimtazama mama mzee mwenye leso, akamtazama dereva aliyempita kimo.

"Mzee, kweli huyu ndiye aliyekupiga? Si mwelewane tu nyumbani?"

Dereva alimwangalia Mama. Mama hakushusha macho.

"Andika," dereva akasema.

Mama akasogea kwenye kaunta, akaanza kusema jina lake.