Rael Aliyesema Alichokiona

Rael Awuor, mfua nguo wa Mutuini, alimwona Kihara, mwenye nyumba wake na mzee wa kanisa, akimsukuma mpangaji kwenye ngazi hadi akavunjika mgongo. Jumapili pasta alifundisha kwamba kitenzi cha Kigiriki martureo ni kusema ulichokiona kwa macho yako, hata kama kitakuponza. Rael akaenda kortini, akasema yote. Waumini wanne waliokuwa na Rael uani Kihara alipomsukuma mpangaji wakaapa kwa Biblia kwamba hawakuona kitu. Kihara akaachiliwa, akamfukuza Rael nyumbani.

Rael alimkimbilia pasta.

"Dada Rael, mimi nilikuwa nafundisha Biblia tu," pasta alisema bila kumtazama. "Nani alikutuma kortini?"

Rael akajitwika godoro, akitamani angekuwa kipofu siku ile.